Kiti Kinachoropokesha Watu

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mkabala na geti la chuo cha ufundi. Mama Birika anauza kahawa upande mmoja, mimi natengeneza saa upande wa pili, na katikati hukaa wanafunzi wakitoka karakana, mikono imejaa grisi, midomo haina breki. Jioni hiyo mada ilikuwa moja: bango jipya getini, lililowataka wanafunzi wenye mawazo mazito wamwone mshauri, bure na kwa siri.

Aliyeanza ni Redio, kijana wa umeme, mwaka wa pili. Jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Alisema siri hiyo ni ya kwenye bango tu. Ukiingia mle unafunguliwa faili, faili linakwenda kwa mkuu wa chuo, na siku ya kutafuta kazi mwajiri analisoma kabla hajakitazama cheti chako.

Mstaafu, aliyeendesha lori miaka thelathini, akaongeza lake. Enzi zao mtu akiwa na mawazo alipewa koleo, akachimba mpaka yakaisha. Mama Birika naye alikuwa amesikia kwa mteja kwamba msichana akionekana pale mara mbili, ana mimba. Akionekana mara tatu, ni mapacha.

Tukacheka. Redio akapanda juu zaidi: mle ndani kuna kiti ambacho ukikikalia tu, unaropoka mpaka namba ya siri ya simu yako. Mwanafunzi mmoja wa ufundi magari alitoka pale akawa anamwamkia kila anayekutana naye shikamoo, hata paka.

Cheche, binti pekee katika darasa la uchomeleaji, alikuwa amekaa ukingoni akipuliza kahawa yake. Kwa kawaida yeye ndiye humkata Redio kauli. Siku hiyo hakuchangia, nami nilidhani amechoka.

Ndipo akaja binti mgeni, sare bado ina mikunjo ya dukani, tepu ya kupimia nguo shingoni. Alituamkia vizuri, akasita, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

— Samahani, chumba cha mshauri kiko wapi?

Redio akamtazama Mstaafu, Mstaafu akatazama kikombe chake. Nusu saa nzima tulikuwa tumekieleza chumba kile mpaka kiti chake, na hakuna aliyejua mlango wake.

Binti akaziona nyuso zetu, akaanza kugeuka. Cheche akaweka kikombe chini.

— Nyuma ya karakana ya useremala, mlango wa kijani. Twende nikupeleke.

Aliporudi, akakaa pale pale ukingoni. Alijieleza mwenyewe. Miezi mitatu nyuma mpira wa gesi ulipasuka karakanani, moto ukamuunguza mkono mwenzake wa meza moja. Mwenzake akapona, mkono wa Cheche ndio uliobaki ukitetemeka kila alipowasha moto. Alikuwa ameshafunga begi aache chuo. Zile Jumatano alizotuaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno, alikuwa akienda kwa mshauri.

— Na mkono? nikamuuliza.

— Jana nimechomelea geti zima, baba. Mwalimu ameupitishia kidole mshono wangu wa chuma mara mbili, akaenda zake bila kusema kitu. Yule akikosa la kusema, ujue umefaulu.

Mstaafu akakohoa. Akasema kuna ajali aliiona barabarani zamani, hajawahi kumsimulia hata mkewe. Mama Birika akamjazia kikombe.

Redio alikuwa kimya, jambo ambalo tangu nimjue sijawahi kuliona. Mwishowe akamsogelea Cheche, akauliza taratibu, kama mtu aliyetumwa na mwingine:

— Sasa mtu akifika pale, lazima aanze yeye kuongea?

— Mimi siku ya kwanza sikusema neno. Yule mama mshauri aligeuza feni ije upande wangu, akaendelea kungoja.

Redio akaitikia kwa kichwa. Akamaliza kahawa yake, akajifuta mikono kwenye suruali, akavuka barabara kurudi chuoni, akashika njia ya karakana ya useremala. Mama Birika akafungua mdomo, akaufunga, kisha akauliza nani anaongeza kahawa.