Neno "Bado" katika Kitalu cha Saba

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na dakika tano alasiri, kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, kisha sekondari, kisha chuo cha upimaji alikomaliza mwaka 1973, na tarehe 2 Januari 1974 akaajiriwa na idara ya misitu kama mchora ramani, kazi aliyoifanya kwenye meza ile ile hadi alipostaafu mwaka 2011.

Mwaka 1976 alikabidhiwa ramani ya kurumbiza, ndege mdogo wa msituni mwenye kifua cha rangi ya kutu, anayezaliana penye miti mizee yenye matundu, kivuli kizito na majani makavu yaliyolala chini miaka na miaka. Kazi ilikuwa kuonyesha kila kitalu cha msitu anamozaliana, na wimbo peke yake haukutosha, kwa kuwa dume huimba hata asipokuwa na jike, sharti aonekane mzazi akiingiza chakula tunduni. Kitalu kilichothibitishwa kilipakwa kijani, kingine chochote marehemu alikiandikia neno "bado", akaliandika mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe, hata wenzake ofisini wakamwita Bwana Bado, naye akaitika.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, na shangazi wa bibi harusi alipotania mbele za watu, "Jamani, huyu akiulizwa kama anakubali atasema bado," marehemu alimjibu, "Huyu nimemwona kwa macho, shangazi." Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili na kitinda mimba wa kike, ambaye leo ni askari wa misitu.

Kitalu cha Saba kilimsumbua. Kwa misimu kumi na tisa, mingine akiwa tayari amestaafu, alimsikia kurumbiza humo asimwone na chakula, na mwaka huu kamati ya misitu ilipotangaza kuwa vitalu visivyo vya kijani vitakatwa, mwisho wa kupokea kadi za uthibitisho ukiwa tarehe 16 Oktoba, mwenzake wa zamani alimsihi, "Mzee, si upake tu, nani atapanda mlimani huko kuhakikisha?" Marehemu alisema kijani kimoja cha uongo kikigundulika, vyote vilivyobaki vitakatwa pamoja nacho.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa tarehe 29 Septemba mwaka huu, na Jumapili tarehe 12 Oktoba binti yake alifika wodini na viatu vya matope, akamwambia kurumbiza yupo Kitalu cha Saba. Alimuuliza, "Umeona au umesikia?" Binti akasema amesikia. "Basi bado, mama," akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo familia inaweza kuyathibitisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliopika na kulala hapa tangu Jumanne, na wenzake wa chumba cha ramani waliokuja na penseli zake.

Jana alfajiri mjane alimwambia binti yake, "Wewe nenda kaangalie kazi ya baba yako, hapa tupo," naye akapanda na askari mwenzake mmoja awe shahidi, na saa moja na dakika ishirini asubuhi wote wawili wakamwona kurumbiza jike akiingia na kiwavi katika tundu la mti mzee, akatoka mdomo mtupu, akarudi na kingine.

Ulale salama, Bwana Bado. Kadi ya Kitalu cha Saba ilipokelewa ofisini na kugongwa muhuri jana, tarehe 16 Oktoba, saa nne na nusu asubuhi.