Debe Lililojaa Halifukuzi Ndege

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Ojok, mkubwa wangu, kaa hapo miguuni. Semu, acha kulia, kafungue dirisha nipate hewa ya shambani. Lanyero, wewe baki ulipo, nimekuona. Na wewe Siraje, ingia, usisimame nje kama mgeni eti kwa kuwa sisi tunasali Jumapili na wewe Ijumaa. Mtu aliyebeba mpunga wetu kwa lori lake miaka yote hii ni mtu wa nyumbani, na nataka uyasikie haya ili kesho asitokee wa kusema mama alikuwa amepotewa na akili.

Mali yangu haichoshi kuigawa. Shamba hili la Mubuku ni la kukodi na mkataba wake unabeba jina moja tu. Jina hilo sasa liwe la Ojok, kwa sababu ndiye anayezijua zamu za maji na ndiye mwenye watoto wa kulisha, lakini mchele wa kula ndugu zake wasiununue kwake. Mbuzi ni wa Semu. Nyumba ni yenu wote watatu, na asiwepo wa kumfungia mwenzake mlango. Ugomvi wangu na jirani Tumwine, aliyekuwa akifungua mfereji siku ya zamu yangu, naumaliza leo, msiurithi. Yeye ndiye aliyetuazima jembe tulipofika hapa mikono mitupu, na aliyekusitiri jana humtukani leo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonichelewesha. Tangu Lanyero afike kutoka Kampala, sijamsikia. Anachota maji, ananigeuza kitandani, ananinywesha uji, na kila ninachomuuliza ananijibu kwa kichwa. Nikamuuliza Semu, akanieleza: Ojok ulimpigia simu dada yako ukamwambia aje aniuguze, ila mdomo wake wa kuimbia mashetani aufunge huko huko njiani, na asiufungue katika nyumba hii wala kaburini kwangu, naye akakubali, kwa kuogopa nisije nikaondoka hajaniona. Sikukasirika, Ojok. Wewe ni mwalimu wa kanisa, unachunga ulichokabidhiwa. Lakini umefunga kitu usichojua kilikotoka, na mimi nilikuwepo.

Lanyero alizaliwa Kilembe, katika nyumba za wachimba madini, maana marehemu baba yenu alitoka Gulu kufuata shaba, na shaba ilipofungwa akabaki kulinda mashine zilizolala. Alikufa kabla ya mafuriko, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa sababu mwaka wa 2013 mto ulipotuchukulia nyumba, tuliteremka huku na sufuria moja na godoro linalochuruzika maji. Wewe Ojok ulikuwa kiwanda cha saruji, Semu alikuwa kwa mjomba wake Kasese akisoma. Tulibaki mimi na binti, na mpunga wa kwanza ukaingia maziwa.

Mnajua mpunga ukiingia maziwa, punje zikiwa bado laini. Ndege wanashuka kama vumbi, na ukigeuka kufunga kitenge umekwisha kuliwa. Nikamtengenezea Lanyero dungu la miti katikati ya shamba, nikampa kamba iliyofungwa madebe, akae juu yake awe anaamia, akifukuza ndege, toka jua linatoka mpaka linazama. Mwanzoni alipiga kelele kwa koo, na adhuhuri koo limekwisha, ndege wamekaa juu ya masuke wanamtazama. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ndege naye huzoea, na kelele isiyokoma kwake ni kama upepo. Sikumfundisha mimi, sikuwa na la kumfundisha. Aligundua mwenyewe kutoa sauti tumboni, ile sauti nzito inayokwaruza, isiyochoka. Kisha akagundua lililo kubwa kuliko hilo, kunyamaza. Ananyamaza mpaka ndege wanasahau kwamba kuna mtu, mpaka hata mimi nainua kichwa nione kama amelala, halafu anapasua sauti. Shamba zima linaruka. Majirani wakaanza kuniomba dungu lake lisogezwe mpakani, nao wafaidi.

Sauti hiyo ndiyo aliyoipeleka kwaya, na kwaya ikamtoa, kwa kuwa akiimba yeye wengine hawasikiki. Hapo ndipo ulipoleta watu wa maombi, Ojok, unakumbuka. Wakamwekea mikono kichwani, wakamkemea pepo wa kukwaruza, toka, toka, naye akawauliza kwa adabu, "Atokee wapi, baba, na mmeniambia nifunge mdomo?" Hata yule mzee wa maombi alicheka, akajifanya anakohoa.

Siraje, usiangalie chini, nawe umo. Dereva mmoja wa watalii kule Mweya alikupa flashi iliyosahauliwa ndani ya gari lake, akakwambia ichukue, nyimbo zake zinamuuma meno. Wewe ukazipenda kwa kuwa zilikuzuia kusinzia njiani. Siku ile tulipopeleka mpunga Bwera, binti alikaa katikati yetu, akasikia hayo magitaa na mwanamume anayepasuka, akanishika mkono. "Mama," akasema, "kuna mzungu anaamia ndege ndani ya redio!" Nikamuuliza kama huyo mzungu anajua kunyamaza. Akasema, "Sikiliza, ananyamaza kwanza." Toka hapo Siraje hakupumzika. "Mama Ojok, huyu mutoto iko na wazimu," alikuwa akinilalamikia. "Kila wimbo anasema rudisha, rudisha. Mimi naendesha lori ao naendesha redio?" Lakini ni yeye huyu aliyevuka mpaka akamletea gitaa la fundi wa Kongo, lenye nyuzi za breki ya baiskeli, na vidole vya mtoto vikatoka damu, na vilipopona akaendelea.

Kisha ile siku ya soko, wanunuzi wote wamejaa kwenye lori la wenzetu na letu limesimama kama gari la maiti. Siraje akamwambia binti, "Panda juu ya magunia, uimbe, watu wageuke." Akapanda na gitaa lake, akaanza, na mama mmoja Mukongo akauliza kwa sauti, "Beko banachinja nani pale?" Watu wakacheka, eti kuna mtu anachinjwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lanyero hakushuka. Alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu juu ya magunia yale, mpaka kicheko kikaisha, mpaka wauza samaki wakageuka kuona kulikoni, na nikajua, mimi peke yangu sokoni, kitakachofuata. Akapasua. Soko la Bwera liliruka kama shamba. Na siku ya soko iliyofuata ni yule yule mama aliyefika kwetu wa kwanza: "Yule mutoto wa kelele iko wapi?"

Hivyo ndivyo alivyokwenda Kampala, hivyo bendi zilivyomchukua, hivyo anavyoimba roki watu wakalipa kiingilio. Hakuokota shetani njiani. Alitoka hapa, kwenye dungu, akilinda chakula chenu, Ojok, ule mchele uliokuwa unakuja kuubeba mwisho wa mwezi. Unapenda kusema debe tupu haliachi kuvuma, na wanaosikia wanajua unamsema nani. Mwanangu, mimi nimeishi na madebe. Debe lililojaa halifukuzi ndege.

Nizikeni hapa, si Gulu. Walionijua kule wamekwisha. Ojok uongoze ibada, uimbe zako zote, sizikatai. Kisha umwache dada yako aimbe yake, nawe usimame karibu naye watu wakuone.

Leteni vichwa, niwaguse. Ojok, maji yafike kwenye zamu yako, na moyo wako ulainike kama udongo uliolowa. Semu, wanyama wako wazae. Siraje, barabara ikurudishe kwa wanao. Lanyero... koo lako lisikauke. Mungu wa baba yenu... awaweke katika nyumba moja, hata mkiwa mbali.

Ngojeni. Kimya. Nasikia mabawa.

Mpunga uko kwenye maziwa, na ninyi wote mko hapa mnanitazama. Nani yuko shambani? Hapana, Ojok... usiniambie leo tuwaachie ndege. Hakuna leo ya kuwaachia. Nenda na dada yako, ukamshikie kamba ya madebe. Lanyero, panda dungu. Semu, dirisha... liache wazi.

Mimi nanyamaza sasa. Msidhani nimeondoka. Nasubiri.

Pasua, mwanangu.