Upau Uliopinda wa Kaka Yetu Milimita

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa dakika tano na onyo moja la shemeji kwamba nisichekeshe watu, naye asiwe na shaka, maana leo nina hasira.

Kaka yetu, fundi mliyemwita Milimita, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi hadi 1976, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu Novemba 1980 kwa alama za juu za uchomeleaji, na za usafi wa meza ya kazi ambazo familia imeamua zisitajwe. Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa gereji ya barabara ya reli, akadumu humo miaka arobaini na miwili, na tarehe 20 Agosti 1988 alimwoa shemeji yetu mshonaji, wakajaliwa mabinti watatu.

Hapa nisimame kidogo. Mei 2011 muuguzi mmoja alileta gari dogo lililoyumba pua kwenye kona, kaka akaamua kuunganisha vichwa vya shokomzoba za mbele, zile nguzo za kupunguza mtikiso, kwa upau wa chuma, ingawa chini ya boneti ile injini, betri na kichujio cha hewa vilibanana kama ndugu wanaogombea kitanda kimoja. Alikata kipande cha boksi kiwe kielelezo, akapima, akachomelea upau ulionyooka kama rula, ukakaa sawasawa, kumbe alipima injini ikiwa imezimwa! Ilipowashwa na kukanyagiwa mafuta ilitikisika juu ya raba zinazoishikilia, ikaugonga upau ngo ngo ngo, gereji nzima ikacheka, mimi nikiwa kinara wao, naye akaufungua, akahangaika nao siku tatu, akaupinda katikati hadi ikapatikana nafasi ya kidole kimoja kati yake na injini. Gari likashika kona, na wateja wakafuatana kutaka upau kama ule.

Sasa mwenye gereji, yule pale mbele mwenye miwani ya jua ndani ya turubai, alibandika tangazo ukutani kwamba upau ni ubunifu wake, na jana ametuletea risala inayomwita kaka "msaidizi mwaminifu". Msaidizi! Tulipomwuliza kwa adabu kwa nini upau umepinda, alijibu, mbele ya mjane, kwamba ni urembo. Urembo, jamani! Hajui mtoto alipataje kovu, halafu anadai ndiye baba yake.

Risala hiyo haitasomwa.

Kaka alianza kuugua mapafu Januari 2023, akalazwa mara mbili, na tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi, akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya tatu, majirani mliotuazima viti hadi nyumbani kwenu mkakaa chini, na mafundi wenzake, ambao leo alfajiri wamelibandua lile tangazo, wakaandika jina la kaka ukutani kwa rangi ya magari, wakaipaka mara mbili, na vanishi juu.

Bosi, ukirudi kazini utalisoma. Kaka, wewe lala salama, kazi ni yako.