Koti la Daktari Feki

Uvumi ulimganda mama wa mchekeshaji: eti mwanawe, aliyepata jina kwa kuwasuta wauza dawa za uongo, sasa anatangaza unga wa kuponya presha. Akapanda treni kwenda kumuuliza ana kwa ana.

Mbele yake walikaa mwanamke fundi cherehani na kijana kinyozi, watu wasiojuana, wakitazama tangazo lenyewe kwenye simu.

"Lakini dada, si anatania tu huyu?" alisema kinyozi. "Koti ni lile lile la daktari feki analovaa kwenye vichekesho."

"Hilo koti ndilo lililomponza baba yangu. Alisema huyu ndiye anayetuumbulia matapeli, akiusifu unga basi ni wa kweli. Akavitupa vidonge vya hospitali. Leo mkono hauinuki, mdomo umekwenda upande."

"Pole sana. Ila naye ana tumbo, dada. Vichekesho havilipi."

"Angetangaza sabuni! Nani angemnunia?"

"Na sabuni ikiwa mbovu?"

"Ingechanika nguo, kaka. Nguo nashona."

Mama akavuta mtandio hadi puani, maana pua ile na ya mwanawe ni moja. Treni ikasimama. Fundi akashuka, bado anabishana kupitia dirisha.

Wenye watoto wachekeshaji, waambieni mapema. Wasisifu dawa wasiyoijua. Wasitangaze walichokikejeli jana. Wasivae nguo za mzaha kwenye tangazo. Na mgonjwa wenu asiache vidonge kwa sababu ya mtu aliyemchekesha.