Muhuri Niliomgongesha Mwanangu

Stella, liache hilo bakuli la mtori, sitakula tena, na mama yenu angekuwepo angekwambia kuwa mtu anayejua anakokwenda habebeshwi chakula. Godwin, kaa kwenye kigoda, mlima hauendi popote, na wageni wako watapandishwa na mwongozaji mwingine. Ezra, usisimame dirishani ukinipa mgongo. Njoo ukae hapa karibu na miguu yangu, kwa sababu mengi ninayoyasema leo yanakuhusu wewe, na sauti niliyobakiwa nayo haifiki huko. Baba yenu mdogo Denis nimemtuma makusudi akamlete mchungaji, ili nipate kuzungumza na ninyi yeye asiwepo. Tegeni masikio, maana sina pumzi ya kurudia.

Mimi Eliamini, ambaye watu wa Marangu waliniita Injinia kabla ninyi hamjazaliwa, nasema nikiwa na akili zangu zote, ijapokuwa kifua kimegoma. Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii na kihamba kinachoizunguka, migomba, kahawa iliyobaki na makaburi ya babu zenu, ni vya Godwin, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na ndivyo desturi yetu ilivyo. Shamba la mahindi la kule chini, upande wa Himo, ni la Stella. Najua wapo watakaouliza tangu lini binti akarithi ardhi ya baba yake. Waambieni tangu leo. Miaka yote mama yenu alipokuwa kitandani ni Stella aliyepanda kutoka Moshi kila Ijumaa, amechoka kufundisha, akafua na kumwogesha, na sisi wanaume tukauliza chai iko wapi. Ezra, wewe kifungua mimba, kihamba kidogo cha kule juu karibu na msitu ni chako. Ng'ombe wote wawili wapelekwe kwa mama Aikaeli, jirani yetu, wafungwe zizini kwake hata akiwafukuza ninyi na kuwatukana. Najua ng'ombe si mtoto. Najua, lakini wapelekeni.

Sasa nije kwenye lile zito.

Kazi yangu sikuisomea darasani. Nilifundishwa na baba yangu, aliyekuwa mmoja wa wazee wa mfongo, ile mifereji ya kale inayotoa maji mlimani na kuyaleta kwenye vihamba. Baba hakuwa na chombo cha kupimia. Alimwaga maji kidogo ardhini, akayatazama yanaelekea wapi, akasema chimbeni hapa, na maji yakaja. Nami nikajenga hivyo hivyo zaidi ya miaka arobaini, matangi ya maji, ghala la kahawa, vivuko vya mtoni, paa la kanisa letu la mtaa, na hakuna lililoanguka. Siku moja akaja kijana wa serikali, mpole, akaniamkia vizuri, akasema, "Mzee, sheria inasema mtu hawezi kufanya kazi ya uhandisi kama hajasajiliwa na Bodi akapewa leseni." Nikamjibu, "Hebu panda juu ya lile tangi urukeruke, likikudondosha ndipo uje uniambie habari za Bodi." Watu waliokuwepo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka, akaniuliza jambo moja tu: "Na siku likianguka, mzee wangu, tumwulize nani?" Nikamwona mjinga. Nilidhani mtu anayeuliza habari za kuanguka ni yule asiyejua kujenga.

Ezra, nilikuwepo siku ulipokula kiapo cha wahandisi. Nilivaa suti ya harusi yangu, imenibana, nikakaa mstari wa nyuma nikalia bila kuficha. Lakini niwaambie kweli niliyokuwa nikiifikiria, maana mficha uchi hazai: sikufikiri kwamba mwanangu amefungwa na kiapo. Nilifikiri sasa muhuri umeingia nyumbani kwetu. Nilifurahi kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa, kwamba kuanzia leo hatutaomba maziwa kwa majirani.

Ndipo kijiji kikaniomba nijenge ule ukuta wa mawe wa kushikilia barabara pale kwenye mteremko, juu ya njia wanayopita akina mama na majani ya ng'ombe. Halmashauri ikasema saruji haitoki mpaka michoro igongwe muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Nikacheka kwa dharau, nikasema muhuri ninao, unakuja Krismasi. Na Krismasi mkaja wote kama kila mwaka, mbuzi wa ndafu akiwa motoni, kata za mbege zikizunguka, mashemeji wamejaa uani, mama Aikaeli na binti yake Aikande wakitusaidia kugawa. Nikaitandaza michoro mezani mbele ya watu. Ezra akaitazama muda mrefu, akaniuliza kwa adabu, "Baba, maji ya nyuma ya ukuta yatatokea wapi? Sioni matundu." Nikamwambia hakuna maji pale. Akasema, "Na ule mfongo wa juu?" Nikamwambia mfongo ule umekufa, mwaka wa kumi na mbili huu haujapitisha hata tone, mlima wenyewe umekauka, unanifundisha mimi mambo ya mfongo? Akasema, "Basi, baba, kesho nitashuka nikapime mwenyewe, halafu nitagonga."

Mnakumbuka nilivyofanya. Nilisimama. Nikasema kwa sauti, mbele ya mashemeji, tangu lini mtoto akaenda kukagua kazi ya baba yake? Nikasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waliokuwa wakigeuza ndafu wakaacha. Ezra akaingia ndani, akatoka na mkoba, akautoa muhuri kwa mkono wake mwenyewe, akagonga karatasi zote bila kuzitazama, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri. Watu wakapiga makofi. Nilikunywa sana siku ile, nilikuwa na furaha.

Methali ile, wanangu, nimeitumia kama fimbo maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mkuu naye akikosea, guu linalovunjika si lake. Masika ya mwaka huu ilinyesha mvua ambayo hata mimi sikuwahi kuiona, na mfongo nilioutangaza kuwa umekufa ukaamka. Siku nane maji yalikuwa yanajaa nyuma ya ukuta wangu, yanatafuta pa kutokea, hayapati, kwa sababu mimi, mtoto wa mzee wa mfongo, sikuyaachia hata tundu la kidole. Asubuhi ya siku ya tisa ukuta ukalala. Aikande alikuwa chini yake na mzigo wa majani kichwani. Tulimfukua kwa mikono, nami nilikuwepo, na nilichokiona sitawasimulia. Ameacha watoto wawili na mama mzee.

Nilitaka kufuata mila. Nikakata jani la sale pale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo, nikampa Denis na wazee wa ukoo wampelekee mama Aikaeli kuomba msamaha, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshakataa. Hapa kwetu sale haikataliwi. Watu wamesamehe damu kwa sale. Yeye aliwakaribisha, akawapa viti, akauliza, "Mmekuja kuniomba msamaha wa kosa la nani?" Denis, kwa kuogopa polisi, akasema si kosa la mtu, mama, ni mvua, ni mipango ya Mungu. Mama Aikaeli akamrudishia jani mkononi akasema, "Basi kaiombeeni mvua msamaha." Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Kila alfajiri namsikia akikata majani mwenyewe, kazi aliyokuwa akifanya binti yake.

Nipe maji kidogo, Stella. Midomo tu. Basi.

Ezra, Jumatatu umeitwa Dodoma, mbele ya Bodi, na faili lingine liko polisi. Jana Denis alinijia na karatasi aliyoiandika yeye. Inasema kwamba wewe hukuwahi kuiona michoro ile, kwamba siku ya Krismasi ulipokuwa umelala mimi nilifungua mkoba wako nikaiba muhuri nikagonga. Mkono wangu hauwezi kalamu, kwa hiyo alinishika kidole gumba akakichovya kwenye wino. Akaniambia marehemu hashtakiwi, na leseni ya kijana itapona. Na mimi nilikubali, nisiseme uongo kwamba alinilazimisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu haukuwa wa mwenzangu, ulikuwa wangu, nikaona acha niende nao wote kaburini.

Nimeifikiria tangu jana, na imenikaa vibaya. Mama Aikaeli alikuwepo, mwanangu. Alikuwa amesimama na sinia ya nyama, hatua tatu kutoka kwako, akakuona ukiutoa muhuri. Hakuna atakayekwenda kumwuliza, bibi mkata majani na karatasi yenye kidole cha marehemu, nani ataaminiwa? Lakini yeye atajua, na atakufa akijua kwamba hata baada ya kumfukia binti yake tumemfukia na ukweli wake. Alichotutaka ni jina tu. Angepewa jina la kweli, angelipokea lile jani.

Na wewe je? Miaka arobaini nimewaambia watu leseni ni karatasi ya kuwanyanyasa mafundi. Nimechelewa kuelewa, na kuelewa kwangu hakumsaidii mtu. Ujuzi wa kupanga mawe ninao kukushinda, hilo hata leo nasema. Nilichokosa ni mtu wa kunizuia. Wewe serikali ilikupa ruhusa ya kumwambia baba yako hapana, mbele ya ndafu, mbele ya mashemeji, na mimi nikatumia adabu niliyokufundisha mwenyewe kukuziba mdomo. Ukiwaambia hivyo hivyo ilivyokuwa, kwamba uliona kasoro, ukauliza, kisha ukaogopa baba yako ukagonga, watakufutia leseni, na pengine utafungwa. Sikufichi. Ukiipeleka karatasi ya Denis utabaki na muhuri, na kila utakapougonga utakuwa muhuri wa mtu niliyemwibia utu wake mara mbili.

Karatasi hii hapa, chini ya mto. Jiko lile lina moto, Stella alikuwa anapasha mtori. Ningeweza kukuamuru. Sikuamuru. Nilikuamuru mara moja, na Aikande amezikwa.

Godwin... usiuze kihamba. Wakija wa hoteli, usiuze. Mnizike pembeni ya mama yenu, na juu yangu msiweke zege wala vigae, wala msijenge chochote. Udongo tu. Pandeni mgomba, ukianguka hautaumiza mtu. Stella, mwanangu, nisamehe yale ya chai. Ruwa akupe watoto wa kukuhurumia. Ruwa akulinde mlimani, Godwin, akurudishe kila unapopanda. Ndugu msigawanyike kwa ajili yangu... mkigombana mtanigeuza kule chini...

Ezra.

Nasikia umeitoa. Macho yangu yana ukungu, lakini karatasi naisikia. Iko mkononi mwako.

Unaikunja.

Polepole hivyo... pembe kwa pembe. Anayechoma karatasi haikunji, mwanangu.

Mfuko wa ndani. Wa koti. Ee.

Haya. Usilie. Stella, usimfokee ndugu yako, mwache. Nilisema siamuru. Una watoto, una nyumba ya mkopo... na mimi ndiye niliyekufundisha kuogopa, sasa nikulaumu kwa kuwa umejifunza? Inama. Inama zaidi, mkono haufiki. Ruwa akubariki. Sikunyimi, wewe ni wa kwanza wangu. Akubariki hivyo hivyo ulivyo.

Mama Aikaeli atakuja msibani... ni jirani, atakuja. Umpokee wewe. Umpe kiti cha mbele. Akikuuliza kosa ni la nani, nitaje mimi... peke yangu.

Sitakuwepo kukukatalia.