Kwa Nini Gari la Uzinduzi Bado Liko Ndani

Mgeni rasmi, viongozi wa dini, meneja wetu Ndugu Nathanael, na waalikwa wote: wakubwa shikamooni, wenzetu hamjambo.

KUKUPOKEA

Karibu Makumira, na pole kwa vumbi la njia. Tunaanza kwa kuomba radhi. Gari ulilokuja kulizindua, ile Landkruza ya utalii tuliyoing'oa injini ya dizeli na kuifunga betri, lilipaswa kuwa hapa mbele yako. Utepe upo, gari liko ndani. Sababu tutaisema, ila tuanzie mbali kidogo, maana jambo hili halikuanza leo asubuhi.

Ujue pia kwamba risala hii ilipitishwa ofisini kusahihishwa, kama ilivyo desturi. Ilirudi na shukrani nyingi kuliko tulizoweka. Tumeamua kusoma ile ya kwanza, na ya leo asubuhi tumeyaongeza wenyewe.

TULIKOTOKA

Wengi wetu ni watoto wa wakulima wa kahawa wa miteremko ya Meru. Wengine tumetoka magharibi ya mlima, kwa wafugaji. Mama zetu walichuma kahawa, wakaimenya, wakaianika. Siku ya mkutano wa chama cha ushirika, mwanachama alikuwa baba. Mama alikuwa nyuma ya jengo na masufuria. Mradi wa maji ulipokuja, kamati ilikaa kivulini, mama akapika. Ng'ombe wa kisasa walipokuja, vivyo hivyo.

Magari ya umeme yalipofika tulisema: hiki ni kitu kipya, hakina babu. Hakuna atakayesimama aseme tangu enzi za mababu betri ni ya wanaume. Tulijidanganya, na tunasikitika.

TULIYOFANYA

Wanawake tuliitwa kwa tangazo, picha zetu zikabandikwa hadi mjini, Levolosi. Tukajifunza kuchomelea, kuvuta waya, kufunga betri. Evaresta, ambaye humwoni kwenye safu yetu, ameongoza kikosi cha betri tangu mwanzo kwa cheo cha kaimu. Ukaimu wake haujawahi kuisha.

Siku moja fundi mwenzetu Sifaeli alikuwa na mikono ndani ya betri. Godwin, fundi kijana wa hapa hapa, akapita, akaona plagi kuu ya kukatia umeme imechomolewa, akadhani imesahauliwa, akairudisha. Sifaeli yu hai, ila vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki. Godwin alilia kuliko majeruhi. Hatuna ugomvi naye, ni kijana wetu.

Baada ya siku hiyo Evaresta akaweka sheria: mwenye mikono ndani ya betri ndiye mwenye plagi. Anakaa nayo mwilini, na haiombwi na mtu yeyote, hata meneja, mpaka mwenyewe aseme, "Nimemaliza." Sheria hiyo imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Jina la aliyeiweka halikuandikwa.

YANAYOTUUMA

Namnyaki alikuwa mkono wetu bora wa waya. Nafasi ya kwenda kusoma nje ilipotoka, akaambiwa, "Wewe una mtoto anayenyonya." Ya pili ilipotoka, mtoto akawa bado mdogo. Sasa mtoto yuko shuleni, na Namnyaki anauza maziwa mtaa wa Daraja Mbili. Tukipita tunanunua. Habari za waya hatuziongei, wala yeye haulizi.

Sasa ni zamu ya Evaresta. Baada ya chakula, Mheshimiwa, utapewa karatasi umtangaze mkuu wa karakana. Jina lililomo ni Godwin. Ofisi imetueleza kwamba mkuu hufuata magari yaliyokwama porini, na mke wa mtu hawezi kulala porini. Evaresta amelala porini na magari hayo, mvua na jua. Mume wake hajawahi kulalamika. Ofisi ndiyo inayolalamika kwa niaba yake.

Na leo asubuhi? Alikuwa amefungua betri ya gari lako, akikaza nati za mwisho. Meneja akaja, nasi tukiwepo.

"Mama Evaresta, hebu kawaongoze wenzio jikoni kukoroga mahindi na maziwa mgando. Loshoro ya wageni haipikwi na kila mtu."

"Sijamaliza humu, baba."

"Betri itakungoja. Mgeni hangoji."

Fundi mmoja akatania, "Fundi, ukiiunguza tutaita zimamoto."

"Na wewe ukiungua humu ndani," akamjibu, "nimwite nani?"

Akavua ovaroli, akajifunga khanga, akaenda. Hakugomba. Afadhali angegomba, tungelala na moyo mwepesi. Tulimwangalia akivuka ua, tukawaona mama zetu.

TUNALOOMBA

Tulikuwa na maombi mengi: vyoo, chumba cha kunyonyeshea, nafasi za masomo. Leo tunayaweka pembeni.

Mheshimiwa, gari halijaharibika, wala hatujagoma. Betri iko wazi. Nati zipi zimekazwa na zipi bado, ajuaye ni aliyekuwa anazikaza. Na plagi kuu, ile ya rangi ya machungwa, ameifunga kwenye pindo la khanga, kama sheria inavyotaka, maana hajamaliza. Ofisi imetuma mtu kwake mara mbili kuifuata. Amerudi mikono mitupu.

Tunaomba ile karatasi isisomwe kabla gari halijatoka, ili kila aliye hapa aone kwanza ni nani aliyelitoa.

Tukimaliza hapa utaongozwa kwenye hema la chakula. Penye sufuria kubwa utamwona mama mrefu, ana alama ya grisi kwenye kiwiko ambayo sabuni ya jikoni haikuitoa. Usimwombe plagi, Mheshimiwa. Hatakupa, hata wewe. Mwite kwa jina lake, umwulize kama amemaliza kazi. Atasema bado. Basi mwambie arudi akaimalize. Sisi tutakoroga loshoro, na wewe utatusubiri kidogo, kama sisi tulivyosubiri.

Mungu akurudishe salama kwako, ailinde mikono yote iliyo ndani ya betri, na awape pumziko mama zetu waliobaki nyuma ya jengo.

Ni sisi,
Mafundi Wanawake wa Karakana ya Magari ya Umeme, Makumira.
Imesomwa kwa niaba yao na Anande, fundi wa kuchomelea.