Leo Toroli la Ful Halikuja

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni yangu ya kinyozi, mtaa wa Sayida Zainabu, Kairo. Kila asubuhi mbele yake husimama toroli la bluu la Ami Shahta, muuza ful, yale maharagwe yanayolala chunguni juu ya moto mdogo mpaka yanalegea. Leo saa tatu imepita na toroli halionekani. Akina mama wameshateremsha vikapu kwa kamba kutoka roshani, vinaning'inia vitupu. Jenerali, aliyekuwa mpishi jeshini, anatikisa mguu mpaka benchi zima linatetemeka. Profesa, aliyesoma mita za umeme maisha yake yote, yuko kwenye kahawa ya tatu. Mimi sikai wala sisimami, maana nina jambo wenzangu hawalijui. Jana nilimfokea Ami Shahta mbele za watu, nikamwambia toroli lake linaziba mlango wangu, na kesho nisilione.

— Ameoa, alisema Profesa. Mwanamume hachelewi hivi bila fungate.

— Ana miaka sabini, bwana we!

— Si ndiyo maana? Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Sasa mwana anaingiaje kwenye maharagwe?

— Jenerali, methali waachie wenyewe.

Hapo akatokea kijana mmoja, mkoba mgongoni na karatasi mkononi. Alisema anaitwa Hawari, ametoka Oran, Aljeria, na anazunguka miji akionja vyakula vya mitaani.

— Asalam aleikum, jamaa. Nimeandikiwa hapa, ful ya toroli la bluu, kabla ya saa nne.

— Waaleikum salam, karibu ukae, alisema Profesa. Toroli leo halipo. Kale koshari pale kona, wali, dengu na makaroni, utashiba mpaka kesho kutwa.

— Koshari asubuhi? Jenerali aliruka. Unataka kumuua mtoto wa watu? Mpe mkate wa ini na pilipili.

— Ini la yule jamaa wa stendi? Juzi nilipouma nusura lilie kama punda.

— Basi bajia za kijani!

— Bajia bila ful? Hiyo ni harusi bila bibi harusi.

Hawari alicheka, akaketi. Hakuna aliyenyanyuka kumpeleka popote. Njaa ilikuwa inatuuma sote, lakini kila mmoja alikuwa amegeuza shingo, macho barabarani.

— Mimi nawaambia, alisema Jenerali, ile hoteli kubwa ya mtoni imemchukua. Sasa hivi watalii wanakula ful yake kwa uma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Acha kutuuzia chai, alisema Profesa. Ukweli ni kile chungu. Mmewahi kukitazama shingoni? Kile ni cha Firauni! Watu wa makumbusho wamekiwinda miaka. Jana usiku wamekuja wakaondoka nacho, na Ami Shahta ndani yake.

— Ndani ya chungu?

— Kama shahidi.

— Labda kuna mtu kamuudhi, nilisema mimi, taratibu.

— Ami Shahta? Jenerali alinigeukia. Wa kumuudhi yule mzee atakuwa hakulelewa, aliokotwa.

Nikachukua kitambaa nikafuta kioo ambacho nilikuwa nimekifuta mara mbili.

Juu, ghorofa ya tatu, Mama Wagdi alichungulia.

— Nyie wanaume wa kahawa! Ful yangu iko wapi? Leo Alhamisi, Wagdi anakuja!

— Tunaitafuta, mama!

— Mnaitafuta mkiwa mmekaa?

Hawari alikunja karatasi yake.

— Anasema kweli. Mzee wa miaka sabini hajatokea, huenda anaumwa. Twendeni kwake. Anakaa wapi?

Jenerali alinyoosha mkono kushoto. Profesa alinyoosha kulia. Wakatazamana, wakaishusha mikono. Sisi tukifungua milango huwa yeye keshasimama, na akimaliza chungu mimi niko ndani na wateja, wao wamesharudi nyumbani.

— Simu yake je?

— Nani ampigie simu mtu anayekuja kila siku?

Miaka kumi na minane anatuuzia ful. Anajua Jenerali ana vidonda vya tumbo, hamtilii pilipili. Anajua kikapu cha Mama Wagdi Alhamisi kinajazwa mara mbili. Sisi hatujui hata upande anaotokea. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

— Ni mimi, nilisema. Jana nilimwambia asirudi. Toroli lilikuwa linaniziba mlango.

Mguu wa Jenerali ukatulia. Profesa akaweka kikombe chini.

— Akasemaje? aliuliza Hawari.

— Alisema, haya mwanangu. Halafu akanikamulia limau la pili kwenye ful, maana anajua ndivyo ninavyopenda.

Kamba ilitikisika juu yetu.

— Fikri! Mama Wagdi aliniita. Wewe si ndiye uliye karibu naye? Jana alielekea wapi?

Nikakitazama kikapu chake. Kilikuwa kimetua chini palepale linaposimama toroli, na nyuma yake mlango wangu ulikuwa wazi, haukuzibwa na kitu.